Mbio za langalanga zianzie karakana za shule zetu

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Lakini atatuzwaje yule ambaye kwao hakuna uwanja wa kuchezea? Hili ndilo swali linalomkabili kijana wa Nairobi anayetamani kuwa dereva wa langalanga, yaani mbio za magari mepesi ya kiti kimoja ambazo kilele chake ni Formula One. Jiji hili limehusishwa na Safari Rally tangu mwaka wa 1953, mashindano hayo yalipoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Limelea madereva na mafundi ambao sifa zao zilivuma hadi Ulaya na Japani. Hata hivyo, mtoto wa Kawangware, wa Uthiru au hata wa Kilimani akitaka kushiriki msimu mmoja tu wa langalanga ya chipukizi, hana budi kupanda ndege.

Wapo watakaouliza jambo hili lina uzito gani kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika na chaki ya kuhesabu. Nami najibu kuwa lina uzito, tena mkubwa. Msimu wa langalanga ya chipukizi, ukiutazama vyema, ni shule. Una masomo yake, mitihani yake, walimu wake na vyeti vyake. Tatizo ni kwamba karo ya shule hiyo imewekwa juu mno, nasi tulio na vijana wenye vipaji tumeridhika kusimama nje ya ua tukichungulia.

Kwanza tuielewe ngazi yenyewe. Kidato cha chini kabisa ni karti, vile vigari vidogo visivyo na springi wala paa, ambavyo mtoto huanza kuviendesha akiwa na umri wa miaka 7 au 8. Akitimiza miaka 15, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Magari, FIA, humruhusu kuingia Formula 4, daraja lililoanza mwaka wa 2014 ili kuwapa chipukizi mahali pa kuanzia. Kutoka hapo hupanda Formula 3, kisha Formula 2, na wachache mno huifikia Formula One. Huko juu nako mlango una bawabu. Max Verstappen alipoingia Formula One mwaka wa 2015 akiwa na miaka 17 tu, FIA iliamua kuwa kuanzia 2016 dereva sharti awe na miaka 18, na awe amekusanya alama 40 katika madaraja ya chini kwa muda wa miaka mitatu.

Msimu mmoja wa Formula 4 barani Ulaya aghalabu huwa na mikutano kama 7, na kila mkutano huwa na mbio tatu katika mwisho wa juma mmoja. Mshindi wa kila mbio hupata alama 25, wa pili 18, wa tatu 15, na hivyo hivyo hadi wa kumi anayeambulia alama moja. Magari yote katika mashindano hayo ni ya aina moja: bodi moja, injini moja, tairi za mtengenezaji mmoja. Kwa hiyo kinachowatofautisha washindani ni akili na mikono: mikono ya dereva, na akili za mafundi wanaomwandalia gari. Laiti jambo hilo lingeishia hapo, langalanga ya chipukizi ingekuwa mizani ya haki kuliko michezo mingi tuijuayo.

Lakini haliishii hapo. Kiti katika gari hilo hukodishwa. Dereva ndiye amlipaye mwenye timu, wala si mwenye timu amlipaye dereva. Yeye hulipia tairi, mafuta, mafundi, usafiri, siku za mazoezi, na kila kipande cha bodi kinachovunjika. Msimu mmoja hugharimu mamia ya maelfu ya Yuro, ambayo kwa fedha zetu ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Mzazi wa kawaida akisikia hesabu hiyo hufunga gazeti. Hata Lewis Hamilton, ambaye hutajwa kila mara kama kielelezo cha mtoto wa mtu wa kawaida aliyefika kileleni, alianza karti akiwa na miaka 8 huku baba yake akifanya kazi zaidi ya moja ili kulipia mashindano. Aliokolewa mwaka wa 1998, akiwa na miaka 13, timu ya McLaren ilipomchukua na kumgharamia. Kwa kila Hamilton mmoja aliyeokolewa, ni wangapi waliouza karti yao na kurudi nyumbani? Hakuna anayewahesabu.

Afrika imewahi kutoa bingwa mmoja tu wa dunia wa Formula One, naye ni Jody Scheckter wa Afrika Kusini aliyelitwaa taji hilo mwaka wa 1979 akiendesha Ferrari. Mbio za Formula One zilifanyika barani humu kwa mara ya mwisho mwaka wa 1993, huko Kyalami. Mnamo Desemba 2024 Rwanda ilitangaza rasmi kuwa inaomba nafasi ya kuziandaa. Majirani zetu wamethubutu kuota mchana. Sisi je?

Sisi tunayo Safari, na ni haki tujivunie. Mwaka wa 2021, iliporejea katika mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, bendera ya kuianzisha ilipeperushwa mbele ya jumba la KICC, katikati ya jiji. Baada ya hapo magari yaliteremka Naivasha, na kwa siku chache taifa zima lilizungumza lugha moja ya vumbi na kona. Kisha wageni walifungasha, wakaondoka na magari yao, na barabara za Kedong zikarudishiwa pundamilia. Kilichobaki katika karakana za vyuo vyetu ni nini? Ni spana gani iliyoachwa? Ni mwanafunzi yupi aliyejifunza kufungua gia ya gari la mbio?

Itakuwa si insafu kusema kuwa hakuna lililofanywa. Jeremy Wahome alipata kushindana katika Formula 3 ya Uingereza miaka ya 2010, jambo ambalo ni Wakenya wachache mno wamelijaribu. Wakati Safari ilipokuwa inarejea, mpango wa kuwakuza vijana ulianzishwa, na katika Safari ya 2022 madereva chipukizi wa Kenya waliendesha magari ya Ford Fiesta Rally3, ambayo kila moja huuzwa kwa karibu Yuro 100,000. Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 katika mashindano hayo. Mapema mwaka huohuo, mwezi wa Februari, McRae Kimathi alikuwa amekwenda kushindana na chipukizi wenzake wa dunia katika theluji ya Sweden, yeye aliyelelewa katika nchi ambayo theluji yake iko kilele cha Mlima Kenya tu. Huo ni ujasiri usio na mfano, nao unastahili heshima.

Hata hivyo, tuyatazame majina hayo kwa jicho la mwalimu anayesoma orodha ya darasa. McRae ni mwana wa Phineas Kimathi, dereva wa zamani na kiongozi wa mbio za magari nchini. Hamza Anwar, aliyekuwa katika mpango huohuo, ni mwana wa Asad Anwar, naye dereva. Maxine ni binti wa Jimmy Wahome, mtu wa mbio vilevile. Silisemi hili kuwabeza. Mtoto wa mhunzi asiposana hufukuta, na mtoto aliyekulia kando ya injini ana haki ya kuipenda injini. Nasema tu kwamba mlango unaopitiwa na jamaa za waliokwisha kuingia haujawa mlango wa umma. Kipaji hakichagui ukoo. Yamkini dereva bora zaidi wa kizazi hiki yuko Dagoretti, amekaa nyuma ya dawati, wala hajui kuwa anacho kipaji hicho, kwa kuwa hajawahi kushika usukani wowote.

Historia yetu yenyewe inatushuhudia kwamba mambo yaliweza kuwa vingine. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932, hakuanzia katika kiti cha kukodi. Alianzia katika gereji ya baba yake, mikono ikiwa na grisi. Mwaka wa 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari wakiwa na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Akashinda tena mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alijua gari linalia nini kabla halijalia, kwa sababu alikuwa amelifungua na kulifunga kwa mikono yake. Shekhar Mehta naye alishinda mara 5, Ian Duncan akashinda mwaka wa 1994. Tangu hapo, kila Safari ilipokuwa sehemu ya mashindano ya dunia, kikombe kimechukuliwa na mgeni.

Wengine watasema ni kwa sababu magari yamekuwa ghali na viwanda vya kigeni vina fedha. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba tuliitenga karakana na mbio. Tumebaki na mafundi hodari Kirinyaga Road na Grogan, wanaoweza kufufua injini iliyokataliwa na mwenyewe, na kwa upande mwingine tukabaki na vijana wachache wanaonunuliwa magari yaliyokwisha kuundwa Ulaya. Kati ya makundi hayo mawili pana pengo, na katika pengo hilo ndimo shule inapotakiwa kusimama.

Sasa nije kwa walimu wenyewe. Ni mangapi katika silabasi ambayo langalanga haiwezi kuyafundisha? Chukueni kabureta ya karti. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa sita. Injini iliyorekebishwa Mombasa ikiletwa Nairobi hupata hewa kidogo na petroli nyingi. Plagi yake hugeuka nyeusi, na nguvu zake hupungua. Fundi hubadilisha tundu la kupitishia petroli, akaweka dogo zaidi, na injini ikatulia. Mwanafunzi aliyefanya kazi hiyo kwa mkono wake hatasahau maana ya uwiano wa hewa na mafuta, hata mtihani ukija miaka mitano baadaye.

Chukueni kona. Dereva mzuri huanzia ukingo wa nje, akagusa ukingo wa ndani katikati ya kona, akatokea tena nje. Kwa nini? Kwa sababu njia hiyo ni sehemu ya duara kubwa zaidi, na kadiri duara lilivyo kubwa, ndivyo gari linavyoweza kwenda kasi bila tairi kuteleza. Hiyo ni jometri, nayo inaweza kuchorwa ubaoni kwa bikari. Baada ya mazoezi, chipukizi wa miaka 15 wa Formula 4 hukaa na mhandisi wake wakasoma grafu ya kasi dhidi ya umbali, wakatafuta ni wapi sehemu ya kumi ya sekunde ilipopotelea. Watoto wetu huchora grafu za namna hiyo kila muhula bila kuambiwa ni za kazi gani.

Chukueni breki, somo linaloweza kuokoa maisha. Gari likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, huhitaji kiasi cha mita 14 kusimama tangu breki zinaposhika. Mwendo ukiwa kilomita 100 kwa saa, umbali huo hauwi mita 28 bali mita 56, kwa kuwa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ongezeni sekunde moja ambayo dereva huitumia kutambua hatari, na gari la kilomita 100 litakuwa limekula mita 84 za barabara. Nchini mwetu watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka, na wengi wao ni waendao kwa miguu na waendeshao pikipiki. Kijana aliyezipima mita hizo kwa futi kamba, akaona kwa macho yake gari linavyokataa kusimama, ndiye atakayemwambia dereva wa matatu kwenye Waiyaki Way apunguze mwendo, naye atakuwa na hoja.

Nimetaja hayo makusudi, kwa sababu pingamizi la kwanza dhidi ya mbio huwa ni kwamba zitawafunza vijana kasi. Vijana hawangoji kufunzwa kasi. Wanaijua tayari. Wanaiona usiku kwenye barabara pana za jiji, ambako magari yaliyotobolewa eksozi hushindana kati ya watu wanaorudi makwao. Wasichokijua ni nidhamu ya kasi: kwamba gari hukaguliwa kabla ya kuondoka, kwamba bendera ya manjano ikiinuliwa hakuna kupita, kwamba anayemgonga mwenzake hukatwa alama, kwamba mkanda na kofia ngumu si mapambo. Mbio halali ni mahali ambapo kasi imewekewa sheria, na sheria hizo hufuatwa mbele ya macho ya watu wote.

Je, tuanzeje? Hapa ningependa tujifunze kutokana na yaliyotupata. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wahandisi wetu waliitikia. Mwaka wa 1990 magari 5 ya majaribio, yaliyopewa jina la Nyayo Pioneer, yalionyeshwa hadharani, nayo yaliweza kufikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Ilikusudiwa kiwanda kifuate, lakini magari hayo hayakupata kuundwa kwa wingi. Wengi huicheka habari hiyo. Mimi siicheki, kwani inathibitisha kwamba ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni msingi. Tulianza kujenga nyumba kwenye paa. Tulitaka gari la taifa kabla ya kuwa na maelfu ya vijana waliokwisha kuunda kigari, kikaharibika, wakakiunda upya.

Nchini Uingereza upo mfano unaotufaa kuliko Formula 4 yenyewe. Tangu mwaka wa 1999, shirika la hisani liitwalo Greenpower limekuwa likiendesha mbio za magari ya umeme ya kiti kimoja yanayoundwa na wanafunzi wenyewe. Kila shule hupewa mota ya aina ileile, na gari la wanafunzi wa miaka 11 hadi 16 huendeshwa kwa betri mbili tu za volti 12, mithili ya zile zinazowasha magari yetu ya kawaida. Mshindi ni yule anayekwenda mbali zaidi kwa umeme uleule kabla ya muda kwisha. Kwa hiyo fedha nyingi hazisaidii sana. Kinachosaidia ni umbo linalopasua upepo vizuri, magurudumu yanayozunguka bila kukwama, na dereva anayejua lini akanyage na lini aachilie. Huo nao ni msimu wa langalanga ya chipukizi, tena halisi. Tofauti ni kwamba kiti chake hakikodishwi, hutengenezwa.

Jambo hilo haliwezekani Nairobi? Tuhesabu tulivyo navyo. Upande wa magharibi wa jiji tuna Kabete National Polytechnic, taasisi ambayo mizizi yake katika mafunzo ya ufundi inarudi nyuma hadi miaka ya 1920. Katikati ya jiji tuna kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwenye Ngong Road tuna uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambao mbio za pikipiki zimezoea kufanyiwa, na ambao barabara zake za ndani huwa kimya sehemu kubwa ya mwaka. Njia za karti zimepata kujengwa, kama ile ya Lang'ata jirani na Carnivore na ile ya Whistling Morans huko Athi River. Mafundi wa jua kali wa kuchomelea vyuma wamo Dagoretti Corner, Kawangware na Kangemi. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachohitaji kununuliwa ng'ambo.

Pendekezo langu ni rahisi. Wizara ya Elimu, kwa ushirikiano na Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya, iunde ligi ya shule ya magari ya umeme ya kiti kimoja. Ianze na shule chache za Dagoretti, Westlands na Lang'ata, ziwe za umma. Kila shule iambatanishwe na chuo kimoja cha ufundi na fundi mmoja wa mtaani, naye alipwe, kwa maana elimu ya fundi huyo ni elimu. Kikomo cha gharama ya kila gari kiandikwe katika kanuni, na atakayekipita aondolewe mashindanoni, ili wazazi wenye nacho wasije wakanunua ushindi. Msimu uwe na mikutano mitatu ya Jamhuri, mmoja kila muhula, na fainali ifanyike Jumapili asubuhi katikati ya jiji, kwenye City Hall Way na Harambee Avenue, pale pale pembeni mwa KICC.

Kila timu iwe na watu wengi kuliko dereva mmoja. Awepo wa kuchora, wa kuchomelea, wa kufunga waya, wa kuhesabu umeme, wa kutunza vitabu vya fedha na wa kuandika habari. Walimu wa Kiswahili nao wasikae kando. Mbio hizi zitahitaji watangazaji na waandishi, na lugha yetu bado inadaiwa istilahi nyingi za ufundi wa magari. Mwanafunzi atakayeeleza kwa Kiswahili fasaha namna mota inavyofanya kazi atakuwa amefanya kazi ya uhandisi na ya ushairi kwa pamoja. Na wasichana wasiwekwe kwenye meza ya maji. Tangu mwaka wa 2023 dunia ina mashindano ya wanawake chipukizi, F1 Academy, yanayotumia magari ya kiwango cha Formula 4. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kuwa njia yao imefungwa huko juu. Inafungwa huku chini, katika mlango wa karakana.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ataulizwa mwalimu mkuu: mbona unanunua betri ilhali wanafunzi wamefukuzwa kwa kukosa karo? Swali hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa kebehi. Ndiyo maana gharama hii isibebeshwe mzazi. Taifa lililoweza kutenga fedha za umma kuikaribisha Safari na wageni wake linaweza kukata kipande kidogo cha bajeti hiyo kikaenda kwa mtoto wa nyumbani. Betri mbili, mota moja na chuma cha kuchomelea ni gharama ndogo ukizilinganisha na basi moja la shule, ambalo bei yake ni mamilioni, na ambalo tumezoea kulinunua bila kuulizana maswali.

Itasemwa pia kwamba ni hatari. Kigari cha volti 24 hakiendi mwendo wa Formula One. Hata hivyo kina mwendo wa kuumiza, na kwa hiyo kanuni za mkanda, kofia, nguzo za kumkinga dereva akipinduka na kipimo cha breki sharti ziwe kali. Gari lisiloweza kusimama katika umbali uliowekwa lisiondoke. Laiti kanuni hiyo ingefuatwa kwa matatu zetu! Wanafunzi watakaokua wakiiona ikifuatwa bila hongo wala upendeleo watajifunza somo la uraia ambalo vitabu vimeshindwa kulitia vichwani mwetu sisi wakubwa.

Pingamizi la tatu ndilo lenye nguvu zaidi. Itasemwa kwamba kigari cha umeme cha shule hakitamfikisha mtoto Formula 4, kwamba pengo la mamilioni litabaki palepale. Ni kweli. Sidai kuwa ligi hii itatupatia bingwa wa dunia. Huenda katika vijana 1,000 atapatikana mmoja mwenye kipaji cha kumfanya mdhamini afungue mfuko, na huyo atakuwa amepatikana kwa haki, mbele ya watu, bila kuulizwa baba yake ni nani. Lakini wale 999 hawatakuwa wamepoteza kitu. Watakuwa mafundi, wahandisi, wakaguzi wa magari, madereva waangalifu. Nairobi inaanza kuona mabasi na pikipiki za umeme barabarani. Nani atakayezitengeneza zikiharibika? Bila mikono iliyozoea mota na betri, tutarudi kulekule kwa kuagiza mtaalamu kutoka ng'ambo abadilishe waya.

Isitoshe, wakati unatufaa. Mtaala wa umilisi umeifikia shule ya upili, na wanafunzi wa Gredi ya 10 walianza kuzifuata njia zake tatu mnamo Januari 2026. Moja ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na nyingine ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Langalanga ya shule inazigusa njia hizo mbili kwa pamoja, kama daraja juu ya mto. Walimu wengi wamelalamika, na wana haki, kuwa mtaala umeagiza vitendo bila kutoa vifaa. Basi hiki hapa kitendo kimoja ambacho vifaa vyake vinapatikana kwa fundi wa jirani.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Msingoje ligi itangazwe. Chama cha sayansi cha shule kinaweza kuanza na mota ya kifaa kilichoharibika, magurudumu manne ya baiskeli na mwalimu mmoja mwenye subira. Kigari cha kwanza hakitakwenda. Cha pili kitakwenda kisisimame. Cha tatu ndicho mtakachokileta Jamhuri. Na kwa walimu nasema hivi: kipaji cha mtoto asiye na jina hakijitokezi chenyewe, hutafutwa. Tumekuwa hodari wa kukitafuta katika riadha, tukakipata vijijini kwa watoto waliokuwa wakikimbilia shule bila viatu. Hatukuwauliza baba zao walikuwa wanariadha. Tuwaulize nini, basi, watoto wa Kawangware na Uthiru, kabla ya kuwakabidhi usukani?